Yeslam Aliyemtolea Mpwawe Uso

Yeslam bin Karama alikuwa mfuga nyuki. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja huanza na ile siku ya barabarani, kana kwamba alizaliwa asubuhi ile na kabla yake hakuwa na kazi wala wazazi. Alikuwa mfuga nyuki kama baba yake. Mizinga yao ilikuwa ya udongo, mirefu kama mabomba, na waliihamisha kwa lori kufuata maua, mwezi huu bonde hili, mwezi ule bonde lile. Mikunazi ikichanua walitulia kwetu, hapa Shabwa ya juu, na harufu ya moshi wao iliingia mpaka msikitini.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, mzito wa kukasirika. Hakutafuna mirungi. Alisema nyuki hawapendi harufu yake, na vijana wakamtania kwamba anawaogopa nyuki kuliko mkewe.

"Mke huuma akasamehe," alikuwa akiwajibu. "Nyuki huita ndugu zake."

Kazi yake ya pili hakuitafuta, aliirithi. Ukoo wake ulikuwa wa wadhamini tangu zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Kwetu mtu mwenye damu mkononi, au anayetafutwa, alikuwa akimwendea mwenye uso. Mwenye uso akimwambia, "Umo usoni mwangu," basi, kumgusa yule ni kumgusa mdhamini na kabila lake zima. Angemsindikiza kupita katikati ya maadui mpaka kwa hakimu, na hakimu angeamua. Pengine aliamua auawe. Lakini alikufa akiwa ameulizwa, akajibu, akasikilizwa.

Nilimwona Yeslam, ndevu bado nyeusi, akimpitisha mtu aliyemuua binamu yake mwenyewe mbele ya nyumba ya ndugu wa marehemu. Ndugu wale walikuwa wamesimama njiani na bunduki. Jua lilikuwa kali, na muuaji akaomba maji. Walimpa. Alipokuwa akinywa wakampa kisogo ili wasimwone akishiba kwao. Hakuna aliyenyanyua mkono. Vijana nikiwasimulia haya wananitazama kama nimesema mbuzi waliruka angani. Wao wamekua katika wakati ambao neno la mtu halimfikishi hata sokoni.

Dada yake Yeslam alikuwa Ghaliya, mjane, mama wa Jamaan. Kwa huyu Jamaan ndiko yalikotokea yaliyotukuta. Alikuwa kijana mwenye mikono mizuri, fundi wa kuziba pampu za visima. Kisha watu wa bendera nyeusi wakaja, wakaukalia mji wa chini kwa msimu mzima, naye akawafuata. Alifanya nini huko? Wengine walisema aliendesha lori la maji. Wengine walisema lori lile halikubeba maji tu. Kulikuwa na kizuizi cha askari kilicholipuliwa, wakafa vijana wa nchi hii hii, wana wa watu, na jina la Jamaan likatajwa. Mimi sijui. Siandiki haya ili nimsafishe. Alipaswa kuulizwa, na wa kumuuliza walikuwapo.

Watu wa bendera walipofukuzwa mjini alirudi kwa mama yake, amekonda, ana homa. Wiki ile ile ikaanza kuvuma. Sisi hatukuwa na jina jingine la ile ndege isiyo na mtu ndani: tuliiita Inayovuma. Ilizunguka juu yetu asubuhi na jioni, ndogo kama kipande cha kioo. Kondoo walizaa kabla ya wakati. Wanawake waliacha kuanika nguo darini.

Nilikuwa na redio. Alasiri moja Yeslam alikaa kwangu, na idhaa ya ng'ambo ikawaleta wasomi wawili kujadiliana juu ya watu kama Jamaan, walio mbali na wanaodhaniwa kuwa magaidi. Mmoja alisema heri wauawe huko huko waliko, maana kuwakamata kunahatarisha askari, na ukishawakamata hujui uwaweke wapi. Mwenzake alisema aliyekamatwa husema anayoyajua na aliyekufa hasemi, na zaidi ya hayo sheria ipo. Walibishana kwa adabu sana. Kila mmoja alimwita mwenzake "rafiki yangu".

Yeslam alisikiliza mpaka mwisho huku akichokonoa nta kwenye kucha.

"Wanabishana vizuri," alisema. "Hawakatizani kama sisi. Lakini muulize huyo redio wako: huyo wanayembishania, kuna aliyekwenda kumwita?"

"Kumwitaje?"

"Kumwita, bwana. Mtu asimame mlangoni kwao, apewe kahawa, aseme, mwanao anatakiwa, mleteni. Kabla ya kuua na kabla ya kukamata kuna kuita. Hilo sikulisikia."

"Labda kwao hawaiti."

"Basi nitawaitia mimi," akasema, akavaa viatu vyake.

Aliwakusanya wanaume sebuleni kwake. Jamaan mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amelala nyumba ya pili. Ghaliya alikaa nyuma ya mlango, upande wa wanawake, ukiwa wazi kidogo ili asikie. Bakhit, mwenye duka la chini ya msikiti, ndiye aliyeanza, kama kawaida yake. Bakhit alikuwa na mdomo mbaya na gari jipya kuliko yote kijijini, na vyote viwili alivitoa kwa yeyote aliyevihitaji.

"Nitasema ambalo nyote mnalo moyoni," alisema. "Tumkane. Tupande juu ya msikiti, tutangaze si wetu, aende zake. Na kama haendi, tumuue wenyewe kabla hao wa juu hawajamuua pamoja na watoto wetu."

"Bakhit, mama yake yuko nyuma ya mlango," mmoja akamwambia.

"Najua aliko. Nilicheza naye utotoni. Ghaliya! Samahani dada yangu, lakini kile kitu hakichagui chumba."

Sauti ya Ghaliya ilitoka kavu. "Endelea tu, Bakhit. Ukimaliza kumuua mwanangu utanirudishia sufuria yangu uliyoiazima Ramadhani."

Watu wakacheka, na Bakhit naye akacheka, akajifuta macho. Namna hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mtu aliweza kutaka damu ya mwanao na bado ukamdai sufuria.

Yeslam akaomba kusema. "Tukimkana atarudi kwa wale wa bendera, kwa sababu ndio peke yao watakaompokea. Tukimuua, tumemhukumu bila kumsikia. Mimi nataka apelekwe kwa hakimu mjini. Kama alilipua, anyongwe, nami nitakwenda kushuhudia. Kama hakulipua, arudi azibe pampu."

"Na huyo wa juu atangoja?" Bakhit aliuliza.

"Atangoja kama ataambiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Kisha Ghaliya akasema kutoka nyuma ya mlango, polepole, "Yeslam. Unampa uso?"

"Nimempa. Jamaan yumo usoni mwangu tangu sasa mpaka kwa hakimu."

Lilikuwa neno lililokwisha semwa.

Kesho yake alikwenda mjini kwa mkuu wa usalama, afisa wa makamo aliyetoka mikoa ya kaskazini, mtu mstaarabu. Walishikana mikono. Afisa alisema Alhamisi asubuhi amlete, atapokelewa mchana kweupe, na hakimu atakuwapo.

"Na hao wenye ndege?" Yeslam alimwuliza.

"Nitawaambia. Wakijua anakuja mwenyewe hawana haja naye."

Yeslam aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mpwa wake. Mimi nilikuwa nimempelekea Jamaan dawa ya homa, kwa hiyo nilikuwapo. Alikuwa ameketi, mto mgongoni, uso wa manjano.

"Alhamisi tunakwenda," Yeslam alimwambia.

"Mjomba, hao hawatanisikiliza."

"Watakusikiliza. Una la kusema?"

Jamaan aliuweka mto sawa mgongoni. "Lipo," akasema. "Lipo la kunisaidia na lipo la kunidhuru."

"Yote mawili ukayaseme huko. Mimi usiniambie."

"Hutaki kujua?"

"Sitaki. Nikijua wewe ni mbaya nitakusindikiza kwa shingo upande, na nikijua wewe ni mwema nitajivuna. Mdhamini hatakiwi kujua."

Jamaan akacheka, kicheko cha mgonjwa. "Basi angalau niambie nivae nini."

"Vaa jambia la babako. Utalivua mbele ya hakimu. Asiye na jambia hana cha kuvua."

Ugomvi wa mwisho ulikuwa juu ya namna ya kwenda. Bakhit alikuja na rai yake, na leo nikiwa peke yangu naisikia kama inasemwa sikioni.

"Gari moja," alisema. "Wewe, yeye na dereva. Bunduki mziache. Mtoke kama mnakwenda kununua sukari."

"Hivyo ndivyo wanavyopelekwa wezi wa mbuzi," Yeslam alisema.

"Afadhali mwizi wa mbuzi aliye hai."

"Hai mpaka wapi? Nikimpeleka kimya kimya, wakamwingiza shimoni, wakasema hatukumwona, nani atashuhudia? Wangapi wamepotea hivyo? Anayejisalimisha hutoka na watu wake. Wenye bunduki waende na bunduki zao, wakaziweke chini mbele ya hakimu, ajue tumekuja na nguvu na tumeiweka chini kwa hiari. Kila kijiji kituone. Aliyeonwa na watu wengi hawezi kupotea."

"Wa chini watakuona. Na wa juu?"

"Wa juu nao waone. Tuna nini cha kuficha?"

Bakhit akatikisa kichwa. "Wewe na desturi zako, Yeslam. Utatuua kwa heshima." Kisha akasema, "Achukuliwe kwa gari langu. Yale mengine yataharibika njiani mtuaibishe."

Siku hizi kuna wajuaji wa kusema Bakhit ndiye aliyekuwa na akili na Yeslam alikuwa mpumbavu. Mimi nasema hivi: Yeslam alifanya jinsi ilivyofanywa tangu mababu, na kwa sababu nzuri, mbele ya watu waliojua maana yake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kila anayetazama anaelewa anachokiona.

Alhamisi tulitoka jua limekwisha panda. Magari yalikuwa na vitambaa vyeupe kwenye vioo. Ghaliya alimfunga mwanawe kilemba mwenyewe, akamsukuma kidogo kifuani kama unavyomsukuma mtoto aende chuoni. Hakulia. Wanawake walipiga vigelegele darini kwa mara ya kwanza tangu Inayovuma ilipokuja. Ilikuwapo na asubuhi ile. Tuliisikia, tukaipungia mikono. Naam, tuliipungia mikono.

Bakhit aliendesha, Jamaan kando yake, Yeslam nyuma yao kiti kimoja na bunduki magotini. Mimi nilikuwa gari la mwisho.

Kwenye mpaka wa kabila letu na jirani zetu kuna rundo la mawe. Hapo desturi ina lake. Mdhamini hushuka, hutangulia kwa miguu, hupiga risasi hewani na kutaja kwa sauti jina la aliye usoni mwake, ili wenye ardhi ile wajue ni nani anapita na kwa neno la nani. Wenye ardhi hujibu kwa risasi kutoka mlimani, maana yake tumesikia, piteni salama. Na wanaume wote hushuka, hupiga zao, kwa furaha.

Tulisimama. Yeslam akashuka akatangulia, kanzu yake imepandishwa mpaka magotini. Jamaan alibaki garini, maana anayesindikizwa hashuki. Bakhit naye alibaki kwenye usukani, akitukana joto. Yeslam akapiga hewani.

"Jamaan yumo usoni mwangu! Jamaan yumo usoni mwangu!"

Mlimani wakajibu. Wanaume wakashuka na bunduki zao, nasi tukafyatua, watu wazima tunacheka kama watoto. Nadhani kwa aliyekuwa akitazama kwenye kioo chake, mbali huko, yalikuwa magari mengi, silaha nyingi, mapigano yameanza. Sijui. Naandika nadhani.

Sikusikia kitu kikija. Gari la Bakhit halikuwapo tena, palikuwa na moto, na mimi nilikuwa chali mchangani na mdomo umejaa vumbi. Nilipoinuka nilimwona Yeslam mbele, amesimama palepale, ametugeukia. Kofia yake ilikuwa imeruka. Mdomo wake ulikuwa bado unatamka lile jina, lakini sauti ilikuwa imekatika.

Jirani zetu walishuka mlimani wakikimbia, na mablanketi. Tuliokota. Hatukuweza kujua cha nani ni kipi. Tuliwazika kaburi moja, Bakhit, aliyetaka Jamaan auawe, pamoja na Jamaan mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Uso uliovunjwa una sheria yake. Aliyeuvunja huja na madume ya ng'ombe na bunduki za kuweka rehani, huviweka mbele za watu, hukiri, na huomba ahukumiwe. Asipokuja hutafutwa, na hapo ni vita. Yeslam alingoja. Kisha alikwenda mjini kwa yule afisa, nami nikamfuata.

Afisa alikuwa ameketi kama mtu asiyelala. "Wallahi niliwaambia," alisema kabla hatujaketi. "Ammi Yeslam, niliwaambia kwa mdomo wangu."

"Wakasema nini?"

"Wakasema wamepokea. Baadaye wakasema waliona msafara wa silaha. Walijadiliana, wakaona kumkamata hakuwezekani."

"Kumkamata hakuwezekani," Yeslam alirudia, kama mtu anayejifunza maneno ya lugha ngeni. "Nilikuwa ninamleta."

"Najua."

"Sasa ni nani? Nipe jina la aliyevunja uso wangu. Sitaki kumuua. Nataka aje akae mbele ya watu aseme ni mimi."

"Hana jina, ammi. Si mtu mmoja. Ni chumba, ni watu wanakaa kwenye meza, na mimi mwenyewe sijui meza iko wapi."

Baada ya siku kadhaa afisa yule, na nasema tena alikuwa mstaarabu, alijaribu kufuata desturi. Alileta dume la ng'ombe kijijini na bunduki kadhaa. Watu walitoka kutazama. Yeslam alisimama mbele ya mnyama.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Serikali ndiyo iliyovunja?"

"Hapana."

"Basi mrudishe akale majani. Hajakosa kitu."

Hakuna aliyecheka.

Ghaliya hakumlaumu kaka yake. Ningependa kuandika kwamba alimlaumu, ingekuwa rahisi. Alimpikia ugali wa asida kama zamani, akamwekea samli katikati, lakini hakumtazama tena machoni, alitazama begani pake. Mjane wa Bakhit aliuza duka. Yeslam alirudi kwa nyuki wake, akawa anaondoka nao mapema kabla maua hayajaisha na kurudi kwa kuchelewa, na mtu akimsalimu njiani alijifunika kilemba mpaka puani kama anayejikinga na vumbi. Aliishi hivyo misimu michache, akafa bonde jingine, akazikwa na wafuga nyuki wenzake, watu wasiojua habari zake.

Lakini kabla hajafa kulitokea jambo, na hilo ndilo ninaloona linafaa kuandikwa kuliko yote. Alikuja mwanamke wa upande wa magharibi, mama wa kijana aliyeitwa Musallam. Kijana huyo naye alikuwa amewafuata watu wa bendera, naye alikuwa amerudi, naye alitaka kujisalimisha. Alikuwa wa kwanza baada ya Jamaan kulitaka hilo. Mama alimkuta Yeslam akipasua kuni uani kwake. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini.

"Baba Yeslam," alisema, "mwanangu yuko tayari. Anasema atakwenda kwa hakimu, lakini kwa neno lako tu. Mpe uso."

Yeslam aliweka shoka chini. "Sina."

"Usiseme hivyo. Kila mtu anajua—"

"Mama, sina. Ningekuwa nao ningempa. Nikimwambia mwanao yumo usoni mwangu, nitakuwa nimemdanganya, na atakufa ameniamini. Mwenzake alikufa ameniamini."

"Basi nimpeleke kwa nani?"

Yeslam alifungua mdomo. Niliona akitafuta, mmoja mmoja, majina ya wazee wote wa bonde hili aliowajua, na nikajua pamoja naye kwamba hakuna. Akainama akaokota kuni alizozipasua, akaanza kuzipanga ukutani.

Yule mama alingoja mpaka adhana ya alasiri. Kisha akajifunika, akashika njia. Musallam alipanda mlimani Ijumaa ile kwa wale wa bendera, na vijana wengine wawili wa kijiji chao wakaenda naye.